Selaginela Inakauka Kitaluni? Tazama Kwanza Ilikoanzia

Januari ndio mwezi wa picha. Simu inalia, nafungua, nakuta chungu chenye kitu cha kahawia, na chini yake swali lile lile: "Kaka, imekufa?" Safari hii ya kwanza ilitoka kwa dada mmoja aliyeko Uholanzi, ana kitalu nyumba kidogo cha kioo nyuma ya nyumba yake. Akanieleza kwamba anaupulizia mmea maji mara tano kwa siku, na kadiri anavyopulizia ndivyo unavyozidi kukauka. Nikamwandikia: "Dada, weka hiyo chupa chini. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, halafu uniambie." Kimya cha dakika mbili. Kisha: "Baridi kama maji ya friji. Na unanuka."

Basi, kumbe majani hayakuwa na kiu hata kidogo. Mmea ulikuwa unaoza miguuni, naye kila siku anaunyweshea kichwani.

Shida ya selaginela, mmea wenyewe huo wa chunguni, ni kwamba inajua kilio kimoja tu: kugeuka kahawia. Hewa ikikauka, kahawia. Mizizi ikioza, kahawia. Baridi ikiipiga, jua likiibabua, mbolea ikizidi, zote kahawia. Ukitazama rangi peke yake utatibu malaria kwa dawa ya minyoo. Cha kutazama ni mahali rangi ilipoanzia, ncha au shina, upande wa kioo au katikati, jani la zamani au changa, na siku ilipoonekana. Ndiyo maana hapa chini nimepanga mambo kwa mahali yanapoanzia.

Kwanza ujue unayo ipi

Huu mmea watu huuza kama aina ya kuvumwani, wengine kama kangaga. Si kuvumwani wala si kangaga. Ni ukoo wake wenyewe, wa kale mno, usio na maua wala mbegu, unaozaana kwa spora, chembe ndogo kama vumbi, na aina zake zinapita 700. Zipo zinazoishi jangwani na zipo zinazotambaa kwenye kivuli cha msitu wa mvua. Kwa hiyo mtu akikuambia "selaginela inavumilia baridi" au "haivumilii", muulize ipi.

Kitalu changu kiko kaskazini mwa Uingereza, mita 2 kwa 3, na nina aina nne za selaginela. Ya kwanza ni kraussiana, ambayo ni ya kwetu: inaota yenyewe kwenye misitu ya milima ya Afrika. Imezoea usiku wa baridi wa milimani na haistuki hata joto likishuka mpaka nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, almradi isigande. Huko New Zealand imezoea mpaka imekuwa gugu la kupigwa vita. Ya pili ni martensii ya Mexico na Amerika ya Kati, imesimama wima kidogo, inaridhika na nyuzi 12 usiku. Ya tatu, uncinata ya kusini mwa China, yenye mng'ao wa bluu. Inanyong'onyea wakati wa baridi lakini hurudi. Ya nne ndiyo inayonikosesha usingizi: willdenowii ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kwao hupanda miti mita kadhaa, na majani yake ni ya bluu kama shingo ya tausi. Hiyo ikiwa chini ya nyuzi 15 kwa siku kadhaa, anza kuiaga. Erythropus, ile yenye tumbo jekundu, iweke kundi moja nayo.

Kama hujui jina la yako na ina bluu au wekundu wowote, ichukulie kuwa dhaifu mpaka ithibitishe vinginevyo.

Ncha zinakauka, shina bado kijani

Gusa ncha. Ikivunjika kama karatasi, na chini yake shina ni bichi na gumu, hewa ni kavu. Hapa ndipo wenye vitalu vya nchi za baridi wanapobisha zaidi, kwa sababu wanatazama kioo kinavyotiririka maji na kusema: "Hewa gani kavu, na humu ndani kunanyesha?"

Hapo pana hesabu ndogo inayoeleza karibu kila kitu. Hewa ya nyuzi 5 iliyoshiba maji hubeba gramu 6.8 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 18 inaweza kubeba gramu 15.4. Sasa chukua hewa ya nje ya usiku wa baridi, iliyoshiba kabisa, iingize ndani, iwashie hita mpaka nyuzi 18, na usiongeze tone. Maji ni yale yale, ila uwezo wa kubeba umeongezeka zaidi ya mara mbili. Unyevu umeshuka kutoka asilimia 100 hadi 44. Selaginela dhaifu inataka 70 kwenda juu.

Na kile kioo kinachotiririka? Hicho ndicho mwizi mwenyewe. Kama uso wake wa ndani uko nyuzi 5, hewa inayokigusa inaacha maji yake pale na kuondoka na kiasi cha nyuzi 5 tu. Hewa yote ya kitalu inavutwa kuelekea ile ile 44. Maji unayoyaona kwenye kioo ni unyevu uliotoka kwa mmea wako, umegeuka matone machoni pako unakwenda zake sakafuni.

Ndiyo sababu kupulizia hakufui dafu. Kitalu cha ukubwa wa changu kina hewa ya mita za ujazo 13 hivi. Kuipandisha kutoka 44 mpaka 80 kunahitaji gramu 70 na kidogo za maji, yaani vijiko vitano vya chakula. Vijiko vitano! Maji unayo, ila hayakai. Nusu saa baadaye yote yako kwenye kioo au yametoka kwenye mwanya wa mlango.

Kwa hiyo ziba mwizi kwanza. Bandika ndani ya kioo ile nailoni ya kufungia vyombo, yenye mapovu ya hewa; mapovu makubwa ni bora kuliko madogo. Uso wa ndani ukipanda kutoka nyuzi 5 mpaka 11, hewa ile ile ya nyuzi 18 inaweza kushika asilimia 65 bila wewe kufanya lolote jingine. Halafu punguza joto unalotafuta: nyuzi 15 zenye unyevu zinaishinda 20 kavu, hata kwa willdenowii. Kisha panga vyungu vikaribiane juu ya sinia la changarawe lenye maji, vyungu vikae juu ya mawe, visiguse maji. Kipima unyevu kiweke kwenye kimo cha majani. Changu nilikitundika mlangoni mwaka mzima kikawa kinapima afya ya mlango.

Hita ya feni nayo itazame inaelekea wapi. Kama ncha zilizokauka ziko upande mmoja tu wa chungu, fuata upande huo kwa mkono wako hita ikiwaka. Utausikia upepo wa moto.

Hita ya mafuta ya taa ni habari nyingine. Lita moja ya mafuta ikiungua inatoa takriban lita moja ya maji, kwa hiyo haikaushi hewa. Wazee wa bustani huku waliipenda kwa sababu hiyo. Lakini utambi ukiwa mchafu inatoa moshi na gesi inayoviringisha machipukizi. Ukiona ncha changa zimejikunja zote kwa pamoja, usiku mmoja, na kuna harufu ya stovu, safisha utambi na uache upenyo wa dirisha.

Inaanzia chini, shina jeusi, laini

Hii ndiyo muuaji mkuu wa majira ya baridi, na ndiyo iliyomkuta dada wa Uholanzi. Ukitazama kutoka juu unaona mmea umefifia, kama una kiu. Ukiinua matawi unakuta katikati pamegeuka kahawia nzito, mashina yanavunjika bila sauti, na udongo unanuka kama maji ya vase yaliyosahaulika.

Mizizi ya selaginela ni myembamba kama uzi wa kushonea na haiendi chini sana. Udongo ukiwa nyuzi 8 au 9, mizizi ya aina za kitropiki huacha kunywa. Majani bado yanapoteza maji, mmea unalegea, mwenye mmea anaona kiu, anamwaga. Maji hayaendi kokote. Hewa inatoka udongoni, ukungu wa maji, ule unaoozesha mizizi, unaingia. Wiki mbili baadaye kuna picha kwenye simu yangu.

Hewa ya kitaluni inaweza kuwa nyuzi 16 na udongo ukawa 9, hasa chungu kikikaa sakafuni au kwenye meza ya chuma karibu na kioo. Kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchoma kwenye nyama, kinatosha. Kichome kwenye udongo saa 1 asubuhi kabla jua halijapanda. Watu wengi hawajawahi kufanya hivi, na wakifanya mara moja wanaelewa kila kitu.

Matibabu yanategemea umechelewa kiasi gani. Kama ni sehemu ndogo, toa mmea kwenye chungu, kata kila kilicho cheusi mpaka ukutane na ubichi, kisha upande upya kwenye chombo kipana, kifupi, kama bakuli la kachumbari. Chungu kirefu ni kisima. Nusu yake ya chini haina mzizi hata mmoja, kazi yake ni kuhifadhi maji baridi. Mchanganyiko wangu ni mboji ya majani sehemu mbili, maganda ya mti yaliyokatwa vidogo sehemu moja, na pelaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) au changarawe laini sehemu moja. Ukiuminya mkononi uwe kama sifongo iliyokamuliwa: umelowa, lakini haudondoshi.

Chini yake weka mkeka wa umeme wa kupasha joto, wenye kidhibiti, udongo ubaki nyuzi 18 mpaka 20. Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, nunua huu kabla ya hita kubwa. Miguu ikiwa na joto, kichwa kinavumilia mengi.

Na maji. Maji ya bomba ya Januari huku yanatoka yakikaribia nyuzi 6. Kumwagia mmea wa Malaysia maji hayo ni kama kumwamsha mtu kwa ndoo. Mimi naingiza keni ya kumwagilia jikoni tangu usiku, nikimwagilia asubuhi yawe sawa na joto la chumba.

Kama chote cheusi, usiangaike na mizizi. Tafuta ncha yoyote yenye ubichi, hata ya sentimita 5, na uende kwenye sehemu ya mwisho.

Kabla hujakata, onyo. Kwenye pacha za matawi utaona nyuzi ngumu, nyeupe au za kijani, zinashuka chini hewani kama waya. Watu huzikata wakidhani ni ugonjwa, au minyoo. Hizo ni raizofora, miguu ya ziada inayoteremka na kuota mizizi ikigusa udongo. Selaginela yenye nyingi inajisikia vizuri. Ziache, au uzielekeze chini kwa kidole.

Ilikuwa nzuri jana, leo nyeusi

Si jana. Ni siku tatu zilizopita, ila hukujua.

Mwaka mmoja umeme wa kitalu changu ulijikata usiku. Asubuhi nikakuta kipimajoto cha kumbukumbu kimeandika nyuzi 4 kuwa ndicho kiwango cha chini kabisa. Nikakimbilia willdenowii: bluu yake ileile, imesimama, haina neno. Nikapiga picha, nikajisifu kwa marafiki kwamba mmea wangu ni wa chuma. Siku ya tatu majani yakaanza kuonyesha mabaka kama karatasi iliyodondoshewa mafuta, yakionyesha mwanga upande wa pili. Siku ya tano mabaka yakawa meusi. Kraussiana, iliyokuwa rafu ya chini zaidi, haikupoteza hata jani.

Hiyo ni baridi bila barafu. Mimea ya kitropiki inaumia ndani ya seli kabla maji hayajaganda, na jeraha linajionyesha polepole. Alama zake ni mbili: mabaka yanaonekana ghafla mahali pengi kwa mara moja, na yanakuwa mabaya zaidi upande unaotazama kioo. Jani lililogusa kioo chenyewe huwa na mstari ulionyooka kama umepigwa rula.

Usikate siku ya kwanza, kwa maana hujui mpaka uko wapi. Usikimbilie kuupasha moto mkali wala kuumwagia maji mengi wala kuupa mbolea ya kuupa nguvu. Urudishe taratibu kwenye nyuzi 15 au 16, kivulini, udongo ukiwa na unyevu mdogo tu. Baada ya wiki moja mpaka utajichora wenyewe. Hapo ndipo unakata kilichokufa. Na ununue kipimajoto chenye kumbukumbu ya juu na ya chini kama huna. Bila hicho utaendelea kutafuta mdudu ambaye hayupo.

Imepauka, au bluu imepotea

Hapa sababu ni tatu na watu huzichanganya.

Kama kilichopauka ni majani ya juu na ya nje, huku yaliyo chini ya kivuli cha wenzake ni kijani kizito, ni jua. Hutokea mwezi wa Machi na Aprili, maana mmea umekaa miezi minne gizani na ghafla jua limepanda juu ya paa. Weka wavu wa kivuli mapema kuliko unavyodhani. Mimi nauweka mwanzoni mwa Machi, majirani wananicheka, kwao bado kuna theluji kwenye uzio.

Kama machipukizi mapya ndiyo ya manjano na ya zamani ni ya kijani, shuku maji. Chungulia ndani ya birika lako la chai. Ukiona ukoko mweupe, maji yenu ni ya chokaa, na chokaa inaufungia mmea chuma usikipate. London na kusini-mashariki mwa Uingereza ndio kwao hasa. Utaona pia vidoa vyeupe kwenye majani unayoyapulizia. Dawa ni pipa chini ya mfereji wa paa, maji ya mvua, basi. Kuchemsha kunapunguza chokaa kiasi, lakini nani atachemsha keni nzima kila wiki?

Sababu ya tatu si tatizo. Kraussiana ya dhahabu, ile inayoitwa 'Aurea', ni ya manjano kwa asili yake. Nimewahi kuona mtu ameilisha madini ya chuma miezi miwili akisubiri iwe kijani.

Bluu nayo ina mambo yake. Katika jani la willdenowii hakuna rangi ya bluu kabisa. Kuna tabaka nyembamba mno juu ya jani zinazorudisha mwanga wa bluu, kama ile rangi unayoiona kwenye tone la mafuta barabarani. Jaribu hivi: dondoshea tone la maji juu ya jani la bluu. Chini ya tone bluu inazimika, inabaki kijani. Likikauka, bluu inarudi. Kwa hiyo ukiingia kitaluni asubuhi majani yamelowa na ukaona bluu imetoweka, kunywa chai kwanza, urudi saa 5. Kama yamekauka na bado ni ya kijani, mwanga umezidi. Tabaka hizo hujengeka kivulini. Jani lililokulia kwenye mwanga mkali halizijengi, na hata ukilihamisha halitageuka. Subiri majani mapya.

Imerefuka, imekonda, majani yameachana

Mchana wa Desemba kaskazini mwa Uingereza una urefu wa saa 7 na nusu hivi, nyingi kati ya hizo ni mawingu. Mmea ukiwa na joto la kutosha kukua lakini mwanga hautoshi, unarefuka kama mtoto aliyekosa chakula. Una njia mbili: washa taa ya LED kwa muda wa saa 10 hivi kila siku, au shusha joto mpaka ulale. Kwa kraussiana na martensii mimi nashusha joto. Kwa willdenowii huwezi, kwa hiyo ni taa. Vilivyorefuka vikate Aprili, havitajaza tena.

Manyoya ya kijivu katikati

Ukungu wa kijivu, yule yule anayeharibu zabibu na stroberi. Anapenda majani yaliyolala yamelowa kwenye baridi na hewa isiyotikisika. Hapa ndipo ushauri wangu wa unyevu unapoonekana kujipinga: nilisema funga, sasa nasema fungua. Ukweli ni kwamba unyevu uwe kwenye hewa, usiwe umelala juu ya jani usiku. Mwagilia saa 3 asubuhi, udongoni, si kichwani. Weka feni ndogo, zile za kompyuta zinatosha, ielekee ukutani ili hewa itembee bila kuupiga mmea. Adhuhuri ya siku isiyo na theluji, fungua dirisha la paa kwa dakika kumi. Sehemu yenye manyoya itoe kwa kibano ukiishika polepole, usiitikise, maana vumbi lake ndilo mbegu yake.

Dawa za ukungu sizitumii kwenye selaginela. Majani yake ni membamba mno. Hata sabuni ya kupigia vidukari iliwahi kuniunguzia martensii nzima, ikawa kama imepitiwa na pasi.

Wadudu, kwa kifupi

Wachache. Majani yaliyoliwa usiku na njia ya kamasi inayong'aa ni konokono, hasa wale wasio na gamba. Ingia na tochi saa 4 usiku uwaokote. Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukimwagilia vinakuambia udongo umelowa mno juu. Wakubwa hawana neno, viluwiluwi vyao ndivyo vinavyotafuna mizizi. Acha uso wa udongo ukauke kidogo, ubandike karatasi za njano zenye gundi. Utando mwembamba wenye vumbi ni utitiri, na ukimwona ujue hewa ilikuwa kavu muda mrefu.

Na vile vikoni vya pembe nne vilivyotokea kwenye ncha si mdudu wala uvimbe. Humo ndimo spora zinamokaa. Mmea umekomaa, hongera.

Ncha zimeungua siku chache baada ya mbolea

Umetumia kipimo cha kwenye chupa. Tumia robo yake, mara moja kwa mwezi, Aprili mpaka Septemba. Desemba usitie chochote. Kwa sasa pitisha maji ya mvua ya uvuguvugu mengi yatoke chini, uuache uchuje.

Imekauka kabisa: nikiilowesha itafufuka?

Hapana. Hili limetokana na lepidophylla, selaginela ya jangwa la Chihuahua mpakani mwa Mexico na Marekani. Hiyo hujikunja kuwa mpira mkavu, ukiiweka kwenye sahani ya maji inafunguka kwa saa chache. Wanaiuza sokoni ikiwa imekauka, na watu wanadhani ukoo mzima ni hivyo. Wa msituni ukikauka umekwenda. Hata hivyo usitupe chungu cha kraussiana au uncinata siku hiyo hiyo; kipe wiki sita kwenye joto na unyevu, mara nyingi kipande cha shina kilichojificha chini ya udongo huchipua.

Kuokoa kilichobaki

Kata ncha zenye afya, kila moja iwe na pacha angalau moja, kwa sababu kwenye pacha ndiko raizofora zinakotokea. Usizichomeke wima kama mihogo. Zilaze juu ya ule mchanganyiko uliolowa, zibane kwa waya mdogo uliokunjwa ziguse udongo. Funika kwa chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, weka juu ya mkeka wa joto kwenye nyuzi 21 mpaka 24, mahali pa kivuli. Kraussiana inashika ndani ya wiki mbili tatu. Willdenowii inaweza kukaa mwezi mzima bila kusema kitu, usiivute kuangalia.

Ikishashika, usiitoe kwenye chombo majira hayo ya baridi. Mwaka 1829 huko London, daktari Nathaniel Bagshaw Ward aliweka kifukofuko cha nondo kwenye chupa yenye udongo wenye unyevu, akaifunga. Baada ya muda akakuta kangaga na nyasi vimeota mle ndani na vinastawi, wakati kangaga zake za bustanini ziliuawa na moshi wa makaa. Masanduku ya kioo yaliyotokana na chupa ile ndiyo yaliyovusha miche baharini kwa miongo mingi.

Nami nina sanduku langu: tangi la samaki la zamani, lina ufa pembeni, nilipewa bure. Linakaa ndani ya kitalu juu ya mkeka wa joto, kifuniko ni kipande cha kioo. Willdenowii inaingia humo wiki ya kwanza ya Novemba na kutoka Aprili. Kila adhuhuri nainua kifuniko upande mmoja na kuegesha penseli, jioni natoa penseli. Mle ndani kipima unyevu husoma 85, nje yake 60, na bili ya umeme haisemi kitu kikubwa. Yule dada wa Uholanzi ameniandikia wiki iliyopita, ametuma picha ya bakuli lake la plastiki lililofunikwa. Ncha tatu, mbili zimetoa nyuzi nyeupe. Anauliza azikate?